Mwaka Niliosema Mtandao Hauko

Maiti ilikuwa bado ndani, imeshakafiniwa, na sisi wanawake tumekaa uani juu ya mikeka, pale mdogo wake marehemu aliposimama mlangoni kuuliza lile swali ambalo kwetu haliachwi. "Jamani, ndugu yetu anaondoka. Mwenye haki yake kwake, iwe kubwa iwe ndogo, aseme sasa tujue. Asiyesema, tunamwomba amsamehe." Kwa kawaida watu huitikia kwa pamoja kwamba wamemsamehe, jeneza likabebwa. Tena Mzee Abudo hakuwa mtu wa kudaiwa. Miaka yote alifanya kazi ya kuandikia watu barua na kuwatolea fotokopi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Nani angesimama kumdai nini? Basi nimeinamisha kichwa, birika la maji mkononi, nangoja sauti ya wote. Akasimama mwanamke mmoja karibu na ua wa makuti, kajifunga kapulana mbili, vitenge vyetu vya huku, miguu imejaa vumbi la barabara. "Mimi namdai," akasema. "Namdai cheti changu cha darasa la kumi na mbili. Nilimpa kwa mkono wangu, akaniambia kiko salama. Sijakiona mpaka leo." Nilimtambua kabla hajamaliza kusema. Alikuwa Leokadia wa Pundanhar.

Mdogo wake marehemu alikohoa, akarekebisha kofia yake, akakohoa tena. "Dada yangu," akasema, "mkono uliokupokelea ndio huo uliomo ndani ya sanda. Hatuna cha kukurudishia. Tunakuomba umsamehe." Leokadia alitazama chini, hata nikadhani atakataa. Kisha akasema, "Nimemsamehe. Na Mungu amsamehe." Watu wakaitikia amina, wakabeba. Na mimi Somoe, niliyejua cheti kile kilikokwenda kwa sababu ni mimi niliyekipeleka huko, nilikuwa nimekaa hatua nne tu kutoka pale, mdomo nimeufumba, birika nimelikumbatia. Mzee Abudo akapitishwa mbele yangu kuelekea makaburini, amesamehewa kosa langu. Astaghafirullah. Nimeandika mambo mengi maishani mwangu, mengi ni ripoti za kazi zilizonipendezesha kwa wakubwa, lakini mwaka ule sijawahi kuuandika. Nitauandika sasa, pamoja na zile sehemu ambazo mkono unataka kuziruka.

Ofisi ya Mzee Abudo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, nyumba ya mawe ya zamani yenye kuta nene zilizotoka unga wa chokaa kila ukiegemea. Palikuwa na meza mbili, mashine ya fotokopi iliyokuja kwa lori kutoka Nampula, mashine ndogo ya kuvalisha vitambulisho plastiki, na jenereta lililofungwa uani karibu na banda la kuku, likiwaka kuku wanahama. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa makabati yasiyo na milango, na makabati yote yamejaa bahasha. Hapo ndipo palipokuwa na moyo wa kazi yake. Kila aliyekuja kutoa nakala moja, Mzee alitoa mbili. Moja alimpa mteja, ya pili aliitia ndani ya bahasha na kuiweka kabatini, na hiyo ya pili hakuitoza. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia, "Nyumba zenu za makuti. Mvua ipo, moto upo, na mchwa hawajui kusoma lakini karatasi wanaimaliza." Bahasha alizipanga kwa majina ya mama. Mtu kwetu ana jina la nyumbani, ana jina la chuoni, na ana jina ambalo karani wa serikali aliliandika siku hiyo alivyolisikia yeye. Mama yake lakini ni yule yule. Wapo pia watu wa bara, wa Pundanhar na kwingineko, waliomwachia hata karatasi zao za asili, kwa sababu njia ni mbovu na nyumbani hapana pa kufungia kitu. Hizo za asili alizishona uzi wa kijani pembeni, kwa sindano ya mkewe, ili zisichanganyike na nakala. Alifanya hivyo mbele ya mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeshona kifungo cha shati la mwanawe.

Mimi nilitoka Nampula kusoma kompyuta, nina miaka ishirini na mitano na kiburi cha watu wawili. Mzee alinichukua kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka na, kama alivyosema, "Kireno cha fomu zao kinabadilika kila mwezi." Ulikuwa wakati wa makampuni ya gesi, Palma nzima inatafuta kazi, na kila kazi inataka karatasi. Saa sita mchana Bi Mwanamina, mkewe, alituletea sinia: wali wa nazi, matapa ya kisamvu na karanga, samaki wa kukaanga aliyekatwa vipande viwili vikubwa, kimoja cha Mzee na kimoja changu. Yeye mwenyewe alikula mkia. Tulikula chini, nyuma ya mashine ya fotokopi ambayo bado ina joto, na Mzee alinisukumia nyama ya samaki upande wangu akidhani sioni. Niliona. Nilidhani ni haki yangu, msomi.

Sasa nifike penye wingu. Asiyejua asitishike: wingu si kitu cha ajabu, ni kompyuta za watu wengine zilizo mbali, unapewa nafasi ndani yake, unaweka vitu vyako, na unavifungua popote ulipo madhali una neno la siri. Siku moja walikuja wakubwa wawili wa kambi ya gesi kungoja nakala, wakawa wanazungumza Kireno kwa sauti, maana waliniona msichana wa dukani tu. Mmoja akasema mwisho wa mwezi wanazima sava ya kambini, kila kitu kinakwenda kwenye *nuvem*, yaani wingu, na wale mafundi wa kontena ni wa nini tena, warudi kwao. Sasa nje kwenye benchi alikuwa amekaa Nelson, fundi kutoka kusini, anakunywa chai anangoja kitambulisho chake. Kazi yake ilikuwa kulinda hiyo hiyo sava, mashine inayotunza mafaili ya kambi, ndani ya kontena lenye baridi. Wale wakubwa walipoondoka walimwamkia vizuri kabisa, wakamgonga bega. Nelson akaingia. "Umesikia?" Nikasema nimesikia. "Miaka yote hii nimelinda mashine zisipate joto," akasema, "sasa mashine zitakuwa nchi ambayo hata siijui jina." Hakulia wala hakutukana. Aliniachia daftari lake na feni yake ndogo, akaniambia, "Wewe bado mdogo, dada. Jifunze hicho kinachonifukuza mimi." Neno hilo lilinipendeza kupita kiasi. Badala ya kumhurumia Nelson, nilihesabu kwamba kiti chake kimebaki wazi.

Basi nikaanza kumsumbua Mzee. Kila siku wingu, wingu. Nikamwambia dunia imehama, ofisi zinafunga vyumba vya mafaili, atakayebaki na karatasi atabaki anafagia. Nilimwambia hivyo yeye, mtu aliyenipa nusu ya samaki wake! Alinisikiliza, anafuta miwani. "Kwa hiyo hizi zote zinaingia huko?" Nikamwambia zinaingia, na nafasi inabaki. "Na moto?" Haufiki. "Na mchwa?" Nikacheka. "Na ufunguo anao nani?" Nikamwambia ninao mimi. "Ukifa je?" "Mzee, usinitie uchuro asubuhi yote hii!" Tukacheka sote, hata Bi Mwanamina akacheka kutoka jikoni. Nilikumbuka swali lile baadaye, nikiwa peke yangu, na sikucheka. Lakini siku ile Mzee alisema, "Haya, mwanangu. Wewe umesoma, mimi nimeandika tu. Fanya."

Nilifanya, tena kwa bidii, hilo nisijinyime. Miezi mitano nilipiga picha karatasi moja moja kwa skana. Mtandao wa Palma wakati ule ulikuwa wa kuvizia, ukiupata asubuhi mchana umeupoteza, kwa hiyo kila Alhamisi nilipanda pikipiki kwenda Kionga kwa shangazi yangu. Pale mpakani simu inashika minara ya ng'ambo ya Ruvuma, ya Tanzania, na sote tulikuwa na laini za huko. Vifurushi vyao vilikuwa vikubwa na havikatiki. Nilikaa katika chumba cha shangazi, juu ya kitanda cha kamba, kompyuta mapajani, simu nimeining'iniza dirishani kwa utepe wa kanga, nikitazama mafaili yanapanda. Shangazi ananiletea muhogo na samaki ng'onda, ananiuliza, "Hao watu wa karatasi wameshafika?" Namwambia wamefika nusu. Humo chumbani ndimo nilimofungulia akaunti, na ilipouliza namba ya simu ya kuthibitishia mwenye mali, nikaandika hiyo hiyo laini ya ng'ambo. Ilikuwa mkononi. Sikuwaza hata dakika moja, kwa sababu nani katika sisi aliwahi kuwaza kwamba laini ile ni ya nchi nyingine?

Yalipokwisha kupanda, nikataka makabati. Kulikuwa na watu wa kampuni moja walioahidi kuja Jumatatu kuona kama ofisi yetu inaweza kupewa kazi zao, na mimi niliona aibu kuwapokea mbele ya ukuta wa bahasha kuukuu. Naam, ndizo nilizozionea aibu. Mzee alikuwa anakwenda Mute kwenye harusi, siku mbili. Aliniruhusu nitoe nakala, akarudia mara mbili akiwa mlangoni na mfuko wake: "Zenye uzi wa kijani usiziguse, Somoe. Hizo ni za watu." Rafu ya kwanza niliikagua bahasha kwa bahasha, zenye uzi nikazitia sandukuni. Ya pili nikaikagua kwa kupapasa. Kuanzia ya tatu nilikuwa nazoa tu na kutia magunia, vumbi limenijaa puani, nimechoka, na nimejiambia zenye uzi nyingi nimeshazitoa. Magunia nikampa Bi Anchia, mama anayekaanga bajia kando ya soko, ambaye siku zote alitafuta karatasi za kufungia. Alinishukuru mpaka akaniombea mume.

Kesho yake akanitumia bajia za bure, moto, ndani ya karatasi nene. Nilikula ya kwanza, nikala ya pili, ndipo vidole vikagusa uzi. Ulikuwa wa kijani. Nikaifungua ile karatasi mezani. Mafuta yalikuwa yameshakula muhuri na nusu ya alama, lakini jina lilisomeka, Leokadia, na jina la mama yake kwa kalamu ya Mzee pembeni. Mtu mwenye imani angekimbia sokoni kuokoa zilizobaki. Mimi nilizila zile bajia zilizobaki. Wallahi, nilizila zote, nimesimama, kisha nikaikunja ile karatasi nikaitia ndani ya jiko la mkaa la Bi Mwanamina, mwenyewe akiwa kisimani. Nikajiambia picha yake iko winguni, nzuri, muhuri unaonekana, atatolewa nyingine na itagongwa muhuri mpya. Mzee aliporudi kutoka Mute akauliza, "Za uzi wa kijani?" Nikasema, "Ziko sandukuni." Kweli zilikuwepo sandukuni, zile za rafu ya kwanza. Alilipapasa sanduku juu ya kifuniko, akaridhika, hakulifungua. Aliniamini, na ndiyo maana mpaka leo siwezi kupita karibu na mtu anayekaanga bajia bila kutazama upande mwingine.

Haikupita miezi mingi, ng'ambo wakatangaza kwamba kila mwenye laini aende kuweka alama za vidole na kitambulisho cha kwao. Kionga nzima ilizungumza habari hiyo. Shangazi mwenyewe aliniambia, "Hizi laini zetu zinakufa, mwanangu, hamisha vitu vyako." Kubadilisha namba kwenye akaunti ilikuwa kazi ya dakika tano. Nikasema kesho. Nilikuwa nimeshaomba kazi Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu wala si kile kisiwa, kwenye kampuni inayohamisha mafaili ya mashirika kwenda winguni, na nilikuwa na mambo yangu. Laini ikafa. Hata hapo palikuwa na nafasi, kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa bado imo ndani ya akaunti. Lakini nilitaka ifike Pemba ina kasi, nisiaibike, nikaifuta yote na kuipakia upya. Nilipojaribu kuingia tena, likaja sanduku dogo jeupe: tumetuma namba ya siri kwenye simu yako. Simu ipi? Niliandika neno la siri mara kumi, nikajibu kila swali waliloniuliza, nikaandika barua kwa watu nisiowajua kwa lugha nisiyoimudu. Ikaja barua moja tu, ya mashine, ikisema haiwezi kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Nilikaa nikaitazama kompyuta mpaka Bi Mwanamina akaniuliza kama naumwa. Karatasi za Palma zilikuwepo, nzima, safi, mahali fulani duniani, na hapakuwa na binadamu hata mmoja aliyeweza kuzifikia.

Ningesema siku ile. Hilo ndilo jambo lote, msomaji, mengine ni mapambo. Siku ile wenye asili zao wengi walikuwa bado majumbani mwao, karatasi zao ziko chini ya magodoro na ndani ya mabati ya biskuti. Mzee angepita nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yake, tungetoa nakala upya, hata kama ingechukua mwaka. Angenigombeza, pengine angenifukuza, na wiki mbili baadaye angeniita nije kula. Sikusema. Kwenye maombi yangu ya kazi nilikuwa nimeshaandika kwamba nimehamisha ofisi nzima kwenda winguni.

Leokadia alikuja wiki hiyo hiyo. Amefika juu ya lori la muhogo kutoka Pundanhar, kapulana yake imesafishwa kwa safari, ana tangazo limekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Kampuni ilitaka watu wa kufundishwa kazi ya ghala, ghala linaloendeshwa kwa kompyuta, na sharti ni cheti cha kumi na mbili mkononi. Shule aliyosomea ilikuwa imefungwa, wilaya ile watu wamekimbia vita, hakuna karani wa kumwandikia kingine. "Nimefuata cheti changu, baba," akamwambia Mzee. Mzee akafurahi, akageuka kwangu kwa fahari: "Binti yangu huyu anakitoa sasa hivi, na asili yako tunakufungulia sandukuni." Nikasema asili zimepangwa upya, nitazitafuta, na kuhusu nakala ya winguni nikasema maneno ambayo kwetu hakuna anayeyatilia shaka. "Mtandao hauko."

Alilala kwa watu wa kanisani, akarudi kesho. Mtandao hauko. Akarudi baada ya siku tatu, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya tangazo. Mtandao hauko. Mzee hakuweza kuvumilia. Alichukua simu yangu mezani, akaburuta kiti mpaka dirishani, akapanda juu yake, mzee wa umri ule, magoti yanatetemeka, akatoa mkono nje na kuinua simu juu kadiri alivyoweza. "Tazama sasa, Somoe! Kimeingia kijiti kimoja!" Leokadia alimshikia kiti kwa mikono miwili. Nilikaa mbele ya kompyuta, nabonyeza vitufe ambavyo havikuwa vinafanya kitu, nikasema, "Bado, Mzee. Inua kidogo." Inua kidogo! Nimeshawahi kusoma kwamba mtu akifedheheka sana husahau. Si kweli. Naikumbuka mpaka rangi ya soksi zake. Alishuka amechoka, akamsindikiza Leokadia mpaka lilipokuwa lori, na niliona kwa mbali anamwomba radhi.

Pemba walinichukua. Mzee ndiye aliyeniandikia barua ya kunisifu, aliipiga mwenyewe kwenye taipureta yake ya zamani, na mwanamke aliyenihoji aliisoma kwa sauti kwa sababu ilimgusa: "Binti huyu amezihifadhi karatasi za watu wa Palma mahali ambapo haziungui." Akaiweka chini, akasema watu kama mimi ndio wanaotakiwa. Barua hiyo ninayo mpaka leo. Nimehama nyumba nne, nimetupa viatu na vitabu, hiyo sijaweza kuitupa wala kuisoma.

Kisha vita vikaingia, na Palma ikakimbia. Sitasimulia ya wengine, maana mimi nilikuwa Pemba, kwenye kiti cha kuzunguka. Nitasema niliyoyasikia: kwamba watu walipokuwa wanafunga mizigo, wengine walipita kwa Mzee kuuliza wabebe karatasi au wasibebe, naye akawaambia bebeni watoto na maji, karatasi zenu ziko kwa Somoe. Wakamsikiliza. Walipofika walikofika, kila msaada na kila shule ya mtoto ilitaka karatasi, na Mzee akawapa namba yangu. Simu zikaanza. Nilizipokea wiki moja, nikawaambia unajua neno gani, kisha nikabadilisha namba. Baadaye, amani iliporudi kidogo naye akarudi nyumbani kwake, tulikutana mara moja, kwenye msiba wa mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Alishaanza kazi upya, kwa mashine ndogo ya kuazima, na bado anatoa nakala mbili. Aliniuliza tu, "Mtandao wa huko Pemba unashika?" Nikamwambia unashika, Mzee. Akasema, "Basi iko siku," akaniombea dua kwa kunishika kichwa. Kama alijua, hakuonyesha. Sitaki kujipa faraja ya kusema alijua.

Na kazi imenipa mengi, nisiwe mwongo tena. Nimehamisha mashirika makubwa, nimefundisha vijana, na swali langu la kwanza kwa kila mteja ni ufunguo anao nani, na wa pili wake ni nani. Wananisifu kwa uangalifu. Siku hizi programu zenyewe zinafanya nusu ya kazi yangu, na mwezi uliopita nilikaa nje ya chumba cha mkutano nikawasikia wakubwa wangu wanahesabu wahamishaji wangapi wanahitajika kuanzia sasa. Nilimkumbuka Nelson na chai yake. Lakini hiyo ni hofu ya ugali tu, na hofu ya ugali naiweza.

Siku ile ya mazishi, wanaume waliporudi kutoka makaburini, chakula kikapakuliwa, na nikamtafuta Leokadia kwenye sinia moja baada ya nyingine. Hakuwepo. Alikuwa ameshakwenda barabarani kungoja gari. Nilimfuata pekupeku, viatu vyangu vimebaki mkekani. Alinitazama nikija, akasema, "Somoe. Umenenepa." Nikamwambia cheti chake Mzee hakukipoteza. Nikamwambia yote, magunia, bajia, jiko, laini iliyokufa, kila neno nililoliandika hapa, nikihema. Anauza chakula njia panda ya Mute, mikono yake ina alama za mafuta ya moto, na wakati nasema alikuwa anaitazama hiyo mikono. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Na siku ile alipopanda kiti?"

"Hapakuwa na kitu cha kushika. Nilijua."

"Aliniomba radhi njia nzima mpaka kwenye lori," akasema. "Aliona ni kosa la nyumba yake. Na mimi nimesimama leo mbele ya maiti yake, mbele ya mkewe, nikamwita mdaiwa."

"Nisamehe, Leokadia."

Alijifunga upya kapulana yake ya juu, akaikaza. "Cheti kilikuwa kimoja," akasema, "na msamaha wake nilikuwa nao mmoja. Nimeutoa asubuhi, watu wakaitikia amina. Nikautoe wapi mwingine?" Lori la muhogo lilikuwa linakuja, alilipungia mkono, likasimama. Alipanda, wakampisha nafasi, akanitazama kutoka juu. "Maneno hayo uliyoniambia mimi," akasema, "kayaseme pale nilipoyasema ya kwangu."

Nilirudi. Wanaume walikuwa bado barazani, wanakula. Wanawake wanaosha masufuria uani, na Bi Mwanamina amekaa ndani karibu na mlango na nguo zake za eda. Nilisimama mlangoni pale pale aliposimama shemeji yake asubuhi, ambapo uani na barazani wote wanakuona. Mtu mmoja akasema karibu ule, mwanangu. Nikasema sili. Nikasema, "Jamani, mliuliza nani anamdai marehemu. Hakuna. Ni yeye anayenidai mimi." Masufuria yakaacha kugongana. Bi Mwanamina akainua uso. Nikaanza na zile bajia.